Kompyuta ya Beti Sita

Kila asubuhi, kabla hata hajavua kanga ya mabegani, mama mkubwa Nesta alikuwa anabonyeza kitufe cha Bibi, kisha anaanza kuimba. Bibi ni kompyuta ya mezani, Pentium 4, zamani ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Wimbo wenyewe ni wa Kinyiha, ule ambao kwao Mbozi wanauimba siku ya kupeleka mavuno kanisani, una beti nane. Aliuimba taratibu huku anapangusa meza, anafungua madirisha, anamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi la malori. Akifika ubeti wa sita, mstari wa pili, pale yanapotajwa mahindi, Bibi anatoa picha. Siku zote hapohapo. Ikitokea amefika ubeti wa saba na kioo bado cheusi, ananyamaza na kuchukua bisibisi.

Nilikuwa nasikia yote kwa sababu cherehani yangu ipo kwenye kibaraza hichohicho, ukuta mmoja na duka. Nashona zipu na mifuko ya suruali. Kazi hiyo haitaki maneno, basi masikio yanabaki hayana shughuli.

Duka ni la Jastin. Anauza kompyuta za mtumba hapa Tunduma, barabara ya kwenda mpakani, na wateja wake ni mawakala wa forodha, walimu, vijana wa studio za picha, na Wazambia wanaovuka kutoka Nakonde. Mama mkubwa alikuwa fundi wake na mpimaji wake. Mteja akitaka kujua kati ya mashine mbili ipi ina nguvu, Jastin alikuwa hasemi. Alimnyooshea mkono mama mkubwa.

Mama mkubwa alianzia kwenye taipureta, kule Vwawa. Akaja Tunduma ana miaka thelathini na mbili kuchapa karatasi za mizigo kwa wakala mmoja, na wakala huyo ndiye aliyemnunua Bibi, mpya, ndani ya boksi. Mama mkubwa anasema siku hiyo ofisi nzima ilisimama kuitazama kama inatazama bibi harusi, na jina likawa hilo, Bibi Harusi. Miaka ikaenda. Harusi ikaanguka njiani, likabaki Bibi. Ofisi ilipohama, vitu vya zamani vikarundikwa nje vichukuliwe na gari la taka. Yeye akaita mkokoteni, akamchukua Bibi. Kutengeneza alijifunza kwa kumfungua Bibi na kumfunga, kumfungua na kumfunga, mpaka akawa anajua kila skrubu inatoka upande gani. Mume wake, Yonasi, hakuhama Mbozi hata siku moja. Yeye na kahawa yake, mama mkubwa na kompyuta zake, wakawa wanaonana Jumamosi za mwisho wa mwezi, na wala sikuwahi kusikia mmoja wao analalamika.

Sasa, kile kipimo. Alikuwa na faili moja kubwa la nyimbo zote za kwaya, kurasa mia nane na picha zake. Mashine ikija, analifungua faili na kuanza kuimba palepale. Bibi alikuwa anamaliza beti zote nane na kurudi mwanzo. Zilipokuja mashine za Core 2 Duo, beti tatu. Zilizofuata, beti moja na nusu. Aliandika kwa chaki juu ya mfuniko: beti tatu, beti moja. Watu wakazoea. Wakala anaingia, hajasalimia vizuri, "Mama, hii ya beti ngapi?" Mzambia anaingia, anavua kofia, "Bamayo, ni mavesi angapi?" Hata Jastin mwenyewe akipiga simu kwa muuzaji wa Dar nilikuwa namsikia, "Kaka, usiniletee zaidi ya beti mbili." Sijui yule wa Dar alielewa nini.

Kabla hajapima, alizisawazisha kwanza. Diski za aina moja, memori sawa, GB nane kwa nane. "Nisije nikashindanisha magurudumu nikasema ni injini," alisema. Kuna fundi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa haamini haya mambo, akaja na programu yake inayotoa namba kubwakubwa kwenye kioo. Akapima mashine sita. Mama mkubwa naye akapima zilezile kwa wimbo. Mpangilio ukawa uleule, ya kwanza mpaka ya sita. Yule fundi akakaa akanywa soda, akasema, "Mama, wewe ni noma." Mama mkubwa akamwambia programu yake ni nzuri, ila haina sauti ya pili.

Shida ilianza zilipokuja mashine mpyampya. Anabonyeza, anavuta pumzi, hajatoa neno, faili limefunguka. Siku ile alipima mashine tatu na zote zikamkuta mdomo wazi. Nikadhani atabadilisha wimbo, atafute mfupi. Hakubadilisha. Alichukua video ya kwaya yao walipokwenda kuimba Mbebe, saa nzima na nusu, akawa anaiambia kompyuta iipunguze iwe ndogo ya kuingia kwenye simu. Hapo mashine zikaanza tena kuachana, hii wimbo mzima mara nne, hii mara mbili. Wimbo ni uleule, akasema, kinachoongezwa ni mzigo.

Mwezi wa sita Jastin akaleta laptop kumi na tano kwa mpigo. Nyeusi, nzito, kila moja ina kibandiko cha i7 kinang'aa kama kifungo cha askari. Kibandiko si cha kughushi, ni i7 kweli. Ila ni ya kizazi cha kwanza, mashine ya zaidi ya miaka kumi na tano. Mama mkubwa akapima ya kwanza, akaandika chaki. Akapima ya pili, akaandika. Jastin akachukua kitambaa, akafuta.

"Mama, watu wa hapa wanasoma namba. Kizazi hakuna anayekisoma. Saba ni saba."

"Saba ni saba," mama mkubwa akasema, "lakini ya mwaka gani?"

Jastin akacheka. Si mtu mbaya, Jastin. Mama yake alikuwa anachapa pamoja na mama mkubwa, alimbeba mgongoni mle ofisini. Lakini alikuwa ameweka duka lote kwenye zile kumi na tano, na wiki mbili zilipita haijatoka hata moja, maana kila mteja alikuwa anasubiri wimbo, na wimbo ulikuwa mrefu.

Asubuhi moja ya Jumanne nikamsikia Jastin anaongea na mama mkubwa polepole, Bibi bado hajawaka.

"Leo wanakuja akina mama wa kahawa kutoka Mbozi. Leo usiimbe, mama."

"Nifanye nini sasa?"

"Kaa tu. Cheka nao. Wakikuona umekaa watajua mambo ni mazuri. Wakichukua i7 moja wakarudi nayo kijijini, vikundi vingine vitafuata, na mimi nitapumua."

"Na wakiniuliza?"

"Sema una mafua."

Kisha Jastin akasema, na sauti haikuwa ya ukali, "Ukiimba, sitaweza kuendelea na wewe hapa. Sikutishi. Nakwambia tu ilivyo."

Mama mkubwa alikuwa na kile kiti chake tangu duka linafunguliwa. Alikishonea mto mwenyewe, kwa kitambaa nilichompa. Nikaona amekikalia, mikono mapajani. Bibi akawaka peke yake.

Mchana akaja mama mmoja tu, wengine walikuwa wanavuna. Jina lake Loisi, mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo, flashi ameifunga shingoni kwa uzi kama ufunguo wa nyumba. Akakaa kwenye benchi akaomba maji. Akanywa, akafuta mdomo.

"Baba, nimetumwa CPU."

"Umefika," Jastin akasema.

"Subiri nikueleze. Mnunuzi wetu wa nje anataka ramani ya kila shamba, limepigwa picha kutoka juu, miche yote ionekane. Kijana wa kilimo akatuambia kwenye kikao, tafuteni kompyuta yenye CPU nzuri. Kikao kizima kikamcheka. CPU tunayo, ipo pale mtoni, inamenya kahawa tangu mwaka juzi. Kuna bibi mmoja akauliza kama hiyo kompyuta inafungwa palepale kwenye bomba la maji."

Kwa Mbozi ndivyo ilivyo. Ukisema CPU, mtoto na mzee wote wanakuonyesha mtambo wa kumenya kahawa. Hata mimi, kabla sijaja Tunduma, nilikuwa najua hiyo tu. Jastin alicheka mpaka akashika meza. Mama mkubwa alitabasamu, akatazama chini.

Jastin akaweka mashine mbili mbele ya mama Loisi. Moja ile i7. Nyingine nyembamba ya kijivu, i3 ya kizazi cha kumi na mbili, ilikuwa imeingia na mzigo mwingine, ipo peke yake.

"Mama, hii saba, hii tatu. Wewe mkulima. Debe saba na debe tatu unabeba lipi?"

"Saba."

"Halafu soma na kasi yake. Hii imeandikwa mbili nukta sita. Hii moja nukta mbili. Hujaenda shule ya kompyuta, lakini hesabu unaijua."

Mama Loisi akaitikia kwa kichwa, akaanza kuishika ile i7, akaipima uzito kwa mikono kama kuku. Kisha akageuka.

"Huyu ndiye yule mama anayeimba?"

"Ndiye."

"Mbona haimbi?"

"Ana mafua," Jastin akasema.

Mama Loisi akamwangalia mama mkubwa. Akamsalimia kwa Kinyiha, salamu ndefu, ya watu na nyumba na ng'ombe. Na mama mkubwa akaitikia yote, mpaka ng'ombe, sauti safi kama kengele.

"Aa," mama Loisi akasema. "Mafua ya Kiswahili tu hayo. Kinyiha hayakigusi."

Hapo nikasimamisha cherehani yangu. Nilimwona mama mkubwa ameangalia kiti chake, ule mto, halafu Bibi, halafu mkono wa mama Loisi ulioshika i7. Jastin akasogea dirishani.

Mama mkubwa akasimama.

"Nipe hiyo flashi, dada."

Kabla ya kuichomeka akamuuliza, "Kabla ya mtambo wa sasa mlikuwa na ule wa mkono?"

"Tulikuwa nao. Wa mpini. Babu alikuwa anauzungusha mpaka anatokwa jasho."

"Kwa dakika alizungusha mara ngapi?"

"Mara nyingi tu, alikuwa na nguvu."

"Na kila mzunguko, ulimenya punje ngapi?"

Mama Loisi akafikiria. "Kiganja."

"Na huu wa sasa?"

"Huu unazunguka polepole, wala hauna haraka. Lakini una midomo minne, na kila mzunguko unamwaga ndoo."

"Basi hiyo mbili nukta sita ni babu na mpini wake," mama mkubwa akasema. "Ni kuhesabu mizunguko. Haikuambii kila mzunguko umemenya nini, wala midomo ni mingapi. Ile i7 ina midomo miwili. Hii i3 ina sita, na hiyo moja nukta mbili ni mwendo wake wa kupumzika. Ikipata kazi inakimbia zaidi ya hapo."

"Na ile saba?"

"Saba ni cheo ndani ya nyumba yao. Kaka mkubwa wa nyumba ile. Huyu tatu ni mtoto mdogo, lakini wa nyumba nyingine, iliyokuja baadaye sana. Uliza kizazi kwanza, ndipo uulize cheo."

"Kompyuta nazo zina kizazi?"

"Zinacho. Hiki kimeshazaa mara kumi na mbili."

"Mungu amsaidie huyo mama," mama Loisi akasema, na pale dukani hata Jastin, aliyegeukia dirisha, mabega yalimtikisika.

Zote mbili zilikuwa zimeshasawazishwa tangu jana yake, diski na memori. Mama mkubwa akaichomeka flashi kwenye i7. Mle kulikuwa na ramani ya mashamba mia mbili na kumi, picha ya kila moja. Akabonyeza ifunguke. Akaanza kuimba.

Sijui kwa nini sikufikiria kwamba mama Loisi naye anaujua. Ubeti wa kwanza alisikiliza. Wa pili akaingia na sauti ya chini, na wakawa wawili. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki pale nje. Mwanamke wa ndizi akatua sinia. Feni ya ile i7 ilianza kulia kama inapanda mlima Mbalizi na mzigo wa mbolea, mama mkubwa akachukua mkono wa mama Loisi akauweka chini ya mashine bila kuacha kuimba. Mama Loisi akautoa haraka. Wa tatu, wa nne, wa tano. Ubeti wa sita, mstari wa pili, kwenye mahindi, ramani ikatokea.

Nikamtazama Bibi. Hapohapo anapowakia yeye.

Flashi ikahamia kwenye ile ya kijivu. Wakaanza tena, safari hii wote wawili tangu mwanzo, na mama Loisi alikuwa amejiandaa hasa, amenyoosha shingo. Ubeti wa kwanza haukuisha. Mashamba yote yakajaa kioo, kijani, na mto katikati.

Mama Loisi akafunga mdomo, hakufurahi. "Sasa hii haitupi nafasi ya kuimba."

"Mtaimbia kazi nyingine."

Akainama akatazama kioo. Akaweka kidole. "Hili la kwangu. Na huu ndio mtambo wetu, ona bati lile." Akaishika mashine chini. Ilikuwa baridi. Kwao pale mtoni umeme ni wa sola, mashine inayochemka ingeumaliza, na hilo ndilo lililomaliza mazungumzo. "Hii," akasema.

Jastin aliifunga kwenye boksi mwenyewe, akaweka na chaja, akazungushia gundi vizuri bila haraka. Hakumdanganya zaidi na wala hakumnunia. Mama Loisi alipopanda bodaboda, boksi mapajani, akauliza kwa sauti, "Sasa hii CPU ya pili ataishika nani? Ya kwanza ina fundi wake. Hii hatuna mtu."

"Mtambo wenu uko mto upi?" mama mkubwa akauliza.

Akamtajia. Mama mkubwa akahesabu kitu kwa vidole. "Kutoka kwa Yonasi ni nusu saa kwa miguu," akasema, kama anajisemea.

"Basi usitusumbue kukutafuta," mama Loisi akasema, pikipiki ikaondoka.

Jioni, wakati wa kufunga, Jastin alikuja akasimama karibu na kiti.

"Mama, nilikwambia."

"Uliniambia."

"Kesho ukija, njoo bila wimbo. Tutatumia ile programu ya yule fundi wa mtaa wa pili. Hapo tutaelewana."

"Jastin mwanangu, zile kumi na tano si vimeo. Zina kazi zake. Anayeandika barua na kutazama muvi, beti sita zinamtosha, utamuuzia na atakushukuru. Waandikie tu chaki."

Jastin akakuna kichwa. Kitambaa hakukigusa.

Kesho yake mama mkubwa alikuja mapema kama kawaida, ila amevaa viatu vya kufunga, vile vya safari, na begi lake dogo begani. Nikamsalimia. Akaniambia ufunguo wa chumba chetu uko chini ya ndoo, unga upo, na nisiache kula. Alisema kwa raha, kama mtu anayekwenda sokoni. Akamwekea Jastin bisibisi mezani, zote, kwa kupangana kutoka kubwa mpaka ndogo.

"Bibi je?" nikauliza.

"Bibi hapandi basi la Mbozi. Namwacha hapa, watu wajue wametoka wapi."

Akabonyeza kitufe. Akaanza kuimba. Akapangusa meza, akafungua madirisha, akamwaga maji mlangoni. Katika ubeti wa tatu akautoa mto kwenye kiti, akaukunja ndani ya begi, akashuka ngazi anaimba. Akapita kati ya malori mawili yanayosubiri kuvuka, dereva mmoja akampigia honi, akampungia mkono. Sauti ikaenda naye, upande wa stendi, mpaka sikuisikia.

Jastin akatoka chumba cha nyuma na kikombe cha chai. Akatazama kiti. Akatazama kioo cha Bibi, cheusi.

"Mama yuko ubeti wa ngapi?"

"Wa nne," nikasema. "Kama bado anaimba."

Akasimama mlangoni, chai mkononi. Tukasubiri. Wa tano nikauhesabu kimoyomoyo. Wa sita, mstari wa kwanza. Wa pili, kwenye mahindi, Bibi akawaka, na barabarani hakuna aliyegeuka kurudi.